Tetris 99: matofali ni yaleyale ila sasa kuna watu 98 wanakutafuta

Niseme mapema, mie si mtu wa magemu ya bunduki wala ya magari, nikishikishwa dakika tano nishachoka. Tetris, ile ya matofali yanayoshuka ukijaza mstari unafutika, ndo gemu pekee niliyokua nayo, ile ya kwenye briki gemu, vile vidubwasha vya plastiki vya betri mbili vilivyoandikwa vina magemu 9999 na ukiyahesabu vizuri unakuta ni yaleyale yanajirudia. Kwa hiyo niliposikia kuna Tetris ya kushindana watu 99 kwa wakati mmoja nikaona watu wametia chumvi, maana Tetris ni gemu ya kutulia peke yako, unapanga, unafuta, unapanga tena, utashindana na nani hapo?

Binamu yangu anakaa Muscat, alivyokuja likizo alikuja na Nintendo Switch, mashine ya magemu, wakati wa kuondoka akaiacha hapa kwetu Ngamiani, Tanga, akasema chezeni tu, akaunti yake na usajili analipia yeye. Hilo la usajili mlijue, Tetris 99 ilitoka Februari 2019 na haiuzwi kama magemu mengine, ni bure ila kwa wenye Nintendo Switch Online tu, ambayo Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Huna usajili, basi tena.

Sasa gemu yenyewe. Mnaingia 99, wewe uko katikati ya skrini na uwanja wako, kushoto kuna viwanja vidogo 49 na kulia 49, hao ndo wabaya wako. Ukifuta mistari miwili kwa mpigo unamtumia mtu mstari mmoja wa takataka, ile mistari ya kijivu yenye tundu moja inayoingia kwa chini ikamnyanyua juu, ukifuta mitatu unatuma miwili, ukifuta minne kwa lile tofali refu unatuma minne kamili. Ukifuta mmoja mmoja kama tulivyozoea kwenye briki gemu hutumi kitu, unajisafishia tu nyumba huku wenzio wanakuja na mizigo. Ndo maana wazee wa Tetris ya zamani wanaingia kwa mikogo wanatoka mapema, mdogo wangu anawaita waja leo waondoka leo.

Kinachonogesha ni kwamba takataka haziingii papo hapo. Zinapanga foleni pembeni kushoto, kwanza kijivu, halafu njano, halafu nyekundu, na zikiwa bado kwenye foleni wewe ukifuta mistari unazipunguza, foleni ikiisha, mistari yako iliyozidi inakwenda kwa mtu. Yani ni mipasho tupu, unatupiwa, unameza, unarudisha na kiongezeo, na sie watu wa Tanga, mji wa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, hilo hatufundishwi. Kuna raha ya ajabu kuona foleni nyekundu inakaribia kukuzika, halafu tofali refu linashuka, unafuta minne, pembeni kote kunakuwa kweupe.

Halafu kuna suala la kulenga, na hapa ndo watu wengi hawaelewi mpaka wameshacheza sana. Unaweza kuiachia gemu ilenge ovyoovyo, au ilenge walio karibu kufa, au wenye beji nyingi, au ilenge wale wanaokulenga wewe. Beji unapata kwa kuua, na ukimuua mwenye beji unachukua zake, zikifika kiwango mapigo yako yanaongezeka asilimia 25, kisha 50, mpaka 100. Kwa hiyo kulenga wenye beji inaonekana akili sana ila wenye beji ndo wanaojua kucheza, unamtumia minne anakurudishia na salamu. Mie siku hizi naanza na walio karibu kufa, napata beji zangu za chapchap, halafu nikiona mishale mingi inanielekea nahamia kwenye kulenga wanaonilenga, kwa sababu hapo pigo moja linawapata wote. Mtu mwingine akiona anazongwa na watu sita anapaniki, mie nashukuru, maana wamejipanga wenyewe.

Juzi usiku tulibaki kumi, mziki ule wa Kirusi ambao kila mtu anaujua umeshabadilika (unabadilika mkibaki 50 na tena mkibaki 10, na mapigo ya moyo yanabadilika nao), mdogo wangu amekaa nyuma yangu anapiga kelele, "Dada watano wanakulenga! Dada nyekundu!" Nilikuwa nimeshika tofali refu akibani tangu zamani, upande wa kulia kumeachwa tundu la safu moja kutoka juu mpaka chini, nikalitoa, minne ikaenda, na lililofuata likawa refu jingine, minne tena, na hizo za pili mfululizo zina nyongeza. Watatu wakazima palepale. Nikasema leo naichukua. Tukafika wawili, mimi na mtu mwenye beji zote, yule bwana alikuwa anazungusha lile tofali la umbo la T linaingia kwenye uvungu, mistari miwili tu ila pigo lake ni sawa na minne, na mie mambo ya uvungu bado najifunza. Nikawa wa pili, mdogo wangu akaniambia dada ungemeza polepole, nikamwambia pisha hapo.

Ubaya upo. Viwanja vya wenzio ni vidogo mno, ukichezea kwenye kile kiskrini chake cha mkononi huoni mtu kapanga nini, unaona tu kajaa au hajajaa, na kwa kulenga mwenyewe kwa kidole unaweza kumgusa jirani yake. Pia hakuna kupiga soga, umekufa umekufa, huwezi hata kumwambia aliyekuua kwamba una bahati. Mkibaki wachache matofali yanashuka kwa kasi ambayo mtu wa makamo akijaribu atatafuta miwani. Na intaneti ni lazima, huku kwetu umeme ukikatika Switch ina chaji yake inaendelea ila waifai inakufa, na ikifa uko katikati ya mapambano hakuna cha kusubiriwa. Sasa hivi tunatumia hotspoti ya simu, bando haliliwi kama ukiangalia video, ila simu ikipigwa ukapokea na mtandao ukayumba usimlaumu mtu.

Kitu kimoja kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni mandhari ya Game Boy, ile mashine ya zamani ya mkononi ya Nintendo, skrini inakuwa na ule ukijani wa 1989 na milio yake, kama ulikuwa hujawahi kuigusa hutaelewa, kama uliwahi utacheka peke yako. Hayo mandhari mengine yanakuja na mashindano yao ya wikiendi yanayoitwa Maximus Cup, unacheza unakusanya pointi, ukifika 100 unapewa lako. Huyo Pajitnov alivyoitengeneza Tetris kule Moscow 1984 kwenye mashine isiyo na hata picha, sidhani aliwaza siku moja watu 99 watakuwa wanazikana nayo.

Mwenye Switch na usajili tayari asiulize mtu, aipakue. Ila kununua Switch kwa ajili ya hii peke yake, hapana, hela hiyo ina kazi. Ipo TETR.IO, gemu nyingine ya kushindana ya mtindo wa Tetris, inachezwa kwenye brauza ya kompyuta, bure, ilitoka 2020, ina vyumba vya kujifungia na washkaji na ina ligi ya madaraja ambayo watu wake ni wakali kuliko hawa wa Tetris 99, utapigwa mpaka ujiulize umekosea nini. Kompyuta yoyote ya kawaida itafaa, laptop ya chuo hata ile iliyopasuka kona, ila kibodi iwe nzima, hasa mishale na ile spesi.