Kitabu cha Aleksandar Zograf, nakala ya mtumba kutoka stendi ya Mtwara

Kitabu hiki nilikinunua kwa muuzaji anayetandaza vitabu vya mitumba chini ya mwembe karibu na stendi ya Mtwara. Alianzia shilingi 20,000, tukapatana 12,000. Kilichonivuta ni mistari ya wino mweusi iliyojaa ukurasa mzima, kama kazi ya mchonga mpingo asiyetaka kuacha hata upenyo mtupu kwenye gogo lake.

Kinaitwa Regards from Serbia, kilichapishwa mwaka 2007, na kimekusanya katuni za Saša Rakezić, aliyezaliwa mwaka 1963 na anayefahamika zaidi kwa jina la Zograf, neno la kale la Kiserbia lenye maana ya mchoraji wa picha za watakatifu. Mchora katuni mwenzake wa kizazi hicho, R.M. Guéra, alihamia Hispania mwaka 1991 na baadaye akapata jina Marekani kwa mfululizo wa katuni wa Scalped. Zograf yeye alibaki Pančevo, mji wa viwanda ulio jirani na Belgrade, mji mkuu wa Serbia, akawa anauchora kutokea ndani. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Yugoslavia, ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, viliwekwa Mei 1992, mwaka uliofuata bei zikapaa hadi ikatolewa noti ya dinari bilioni 500, na petroli ya magendo ikauzwa barabarani kwenye chupa za plastiki, jambo ambalo abiria wa bodaboda wa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa.

Sehemu nzito kuliko zote ni ya mwaka 1999, NATO ilipoishambulia Yugoslavia kwa siku 78 na kuvipiga kiwanda cha kusafisha mafuta, cha kemikali na cha mbolea hapo hapo Pančevo. Zograf aliwaandikia rafiki zake wa ng'ambo barua pepe, nazo zimo kitabuni pamoja na katuni. Mimi ninayeishi mkoa mmoja na mitambo ya gesi ya Madimba nilizisoma polepole mno, ingawa ni nyingi kupita kiasi na herufi zake ni ndogo hata nikalazimika kusogea dirishani.

Aliyezoea kucheka na Ndumilakuwili wa jarida la katuni la Sani asitarajie vichekesho vya namna ile, kwani hapa utani ni mkavu na ndoto za mchoraji huingia katikati ya habari bila kubisha hodi. Gundi ya nakala yangu imeachia, nadhani kwa unyevu wa pwani, na muuzaji alikuwa amezifunga kurasa za katikati kwa mpira.

Tangu 2003 Zograf amekuwa akichora kurasa mbili kila wiki katika jarida la Vreme, mara nyingi akisimulia vitu vikuukuu anavyookota kwenye masoko ya mitumba. Ndani ya nakala yangu nilikuta stakabadhi ya ghala la korosho ya mtu nisiyemjua, imekunjwa mara mbili kuwa alama ya kurasa. Nimeiacha palepale ilipokuwa, kwenye barua za Aprili 1999.