Donati tupu Unguja: ipi ununue, ipi uipite

Wifi yangu Mkanada, kaolewa kwetu Kikwajuni mwaka wa tatu sasa, kila kitu keshakizoea, jua, umeme kukatika, hata pweza anakula, lakini donati jamani! Kwao kuna mikahawa ya Tim Hortons, ilianzia mji wa Hamilton mwaka 1964, na donati na kahawa kwao ndo kama sie andazi na chai. Na hataki ya chokoleti wala ya jemu, anataka tupu, juu haina kitu na ndani haina kitu. Basi mie ndo nikawa wa kuzunguka nae, na nyie mlio na wageni majumbani nawapunguzia safari.

Kwanza mjue kuna za hamira, nyepesi, ukiiminya inarudi, na kuna za beking pauda, nzito kidogo, zinamumunyika kama keki. Wifi anataka hizo za pili.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni hafkeki. Ndio, hiyo hiyo ya kwenye kabati la kioo unayoipita kila siku. Unga, sukari, mayai, beking pauda, ikakaangwa kwa moto mdogo mpaka ikapasuka juu. Huo ufa ndo wa kuangalia: ukiwa na rangi ya dhahabu mpaka ndani chukua, ila ikiwa nje nyeusi na ufa mweupe basi moto ulikuwa mkali, mbichi hiyo. Halafu nusa. Mie nilinunua nne siku moja bila ya kunusa, kufika nyumbani zanuka changu, kumbe mafuta yalikaangiwa samaki jana yake, wifi kala kimya kimya kwa adabu, zilobaki nikawatupia kuku.

Namba mbili donati za kina mama wa mtaani, zile zenye tundu. Za hamira hizi, na kama mgeni wako hapendi nzito basi kwake ndo za kwanza. Shida sukari, wengi wanazigaragaza zikiwa bado moto, sasa wahi mapema umwambie "mama, zangu usizitie sukari". Na uwe na chenji, asubuhi ile noti ya elfu kumi hapokei mtu.

Andazi la iliki na tui mie nalipenda kuliko vyote, na mbaazi za nazi ndo usiseme, ila si donati, ndani wazi na iliki imetawala. Saa 1 asubuhi tamu, saa 6 mchana unalivuta kwa meno.

Mikahawa ya Mji Mkongwe ipite tu. Mmoja tuliletewa ya baridi toka friji, imepakwa kitu cha pinki, tukauliza hakuna tupu? Tukaambiwa tuikwangue.

Ramadhani mchana usihangaike, vitu vinatoka baada ya alasiri. Hapo omba kaimati kabla hazijatiwa shira. Tuliziomba kwa bibi mmoja Darajani, akamtazama wifi, akanitazama mie, "Mgonjwa huyu? Ana sukari?" Nikamwambia hana bibi, ndo anavyopenda. Akatuhesabia kumi kavu, na shira akatutilia pembeni kwenye kikopo, ati akishapona.