TAHADHARI: IPA feki ya kusafishia bodi ipo Kariakoo

Mafundi simu na mafundi redio wenzangu, kuweni macho. Kuna IPA (alkoholi ya isopropili, tunayosafishia bodi za saketi) feki inazunguka Kariakoo kwenye chupa nyeupe za lita moja. Lebo inasema 99.9%, lakini karibu theluthi ya kilichomo ni maji. Nimeinunua na nimeipima. Nilipomrudishia muuzaji, alinijibu mzigo ukishatoka dukani haurudi.

Niliigundua nikisafisha flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike wakati wa kuchomelea) baada ya kubadilisha IC, yaani chipu, ya chaji. IPA halisi ukiipaka hukauka unaitazama. Hii ilituama pembeni mwa IC, na ilipokauka ikaacha ukungu mweupe unaonata katikati ya pini za konekta. Flaksi nyingi zina utomvu wa msonobari, nao huyeyuka kwenye alkoholi, si kwenye maji. Alkoholi ikitangulia kuruka, maji yanabaki na utomvu unaganda palepale. Juu ya bodi utauona na kuukwangua. Chini ya IC huuoni, na ukiwasha simu kabla maji hayajaisha humo, umeme unavuja na kutu ya kijani inaanza. Kwa unyevunyevu wa Dar, simu hiyo itarudi, na mteja hatamlaumu muuza kemikali, atakulaumu wewe.

Kabla hujaitumia, ipime kwa chumvi. Mimina kidogo kwenye kichupa cha kioo, tia chumvi kavu ya mezani kwa wingi, funga, tikisa sana, kisha iache itulie. IPA safi haina habari na chumvi, punje zinazama chini kama mchanga. Yenye maji mengi hugawanyika: chini maji ya chumvi, juu alkoholi, na mstari kati yake unauona wazi. Yangu iligawanyika hivyo. Mzani nao hausemi uongo: lita moja ya IPA safi ina takriban gramu 780, ya kwangu ilikaribia 870.

Lakini vipimo hivi vinakamata maji tu. Havikamati methanoli, alkoholi yenye sumu ambayo uzito wake unakaribiana sana na wa IPA, na hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Methanoli hupenya kwenye ngozi na kuingia kwa mvuke, na ikizidi mwilini huharibu mshipa wa fahamu wa jicho hadi upofu. Si hadithi za kutishana: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu vitakasa mikono vilivyokutwa na methanoli. Sisi tunainamia bodi kutwa nzima kwenye vibanda visivyo na dirisha. Ukiona kichwa kinauma au macho yanafifia ukiwa kazini, toka nje upate hewa na uende hospitali, na chupa uende nayo. Na tafadhali, msiijaribu kwa kuiwasha moto.

Chupa isiyo na sili, isiyo na namba ya toleo wala jina la mtengenezaji, iacheni hapohapo hata bei ikivutia. Daini risiti. Aliyekwisha kuuziwa apeleke taarifa Tume ya Ushindani, FCC, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, akiwa na chupa na risiti. Bodi mlizokwisha kuosha kwa hiyo, zirudieni kwa IPA halisi na brashi safi, kisha zikausheni kwa blowa ya joto dogo kabla ya kurudisha betri.