Metro ya Cairo kwa mgeni: inakufikisha wapi, inakuacha wapi

Nimezungukia Cairo kwa metro, na kwa nauli yake sijaona usafiri unaoishinda. Juu barabarani foleni haitabiriki. Chini, kutoka kituo cha Sadat (ndiyo uwanja wa Tahrir, jirani na Makumbusho ya Misri) hadi Mar Girgis ni vituo vinne tu. Ukitoka pale, Makumbusho ya Wakopti (Wakristo wa Misri) unayaona ng'ambo ya barabara, na Msikiti wa Amr ibn al-As ni mwendo mfupi kwa miguu.

Kinachowasumbua wageni ni tiketi. Nauli huhesabiwa kwa vituo: hadi 9, hadi 16, hadi 23, na zaidi ya hapo. Hesabu kwenye ramani kabla ya kufika dirishani, au mtajie karani kituo unachoshukia. Sita, saba na tisa za Kiarabu ni zilezile zetu, kwa hiyo Mswahili hakwami sana. Uwe na noti ndogo. Tiketi yenyewe ni kikaratasi chenye utepe wa sumaku: kichomeke getini, kitachomoza mbele yako, kichukue. Wenye haraka hukiacha hapo, kisha wanakwama kwenye kutoka, maana geti la mwisho linakidai na kukimeza moja kwa moja. Ukizidisha kituo kimoja tu kuliko ulivyolipia, halifunguki, na hapo utalipa faini. Usikikunje.

Mwelekeo husomwa kwa kituo cha mwisho. Laini ya 1 ni Helwan au New El Marg. Laini ya 2 ni Shubra El Kheima au El Mounib. Laini ya 3 ndiyo yenye mtego: ikielekea magharibi inagawanyika kituo cha Kit Kat, kwa hiyo soma treni inakwenda tawi gani kabla hujapanda. Kwa soko la Khan el-Khalili na msikiti wa Al-Azhar, wengi hushuka Attaba na kupenya soko la Muski. Mimi naona Bab El Shaaria, kituo kinachofuata, ni afadhali kwa anayetaka kuanzia mtaa wa Al-Muizz.

Mabehewa ya katikati yana alama ya wanawake. Mwanamume akiingia humo kwa bahati mbaya, ataambiwa ashuke. Vituo vya Sadat na Al-Shohadaa hujaa kupita kiasi, basi sogea mlangoni kituo kimoja kabla. Mtu nyuma yako atakuuliza “nazil?”, yaani unashuka? Kama hushuki, mpishe tu, mnabadilishana nafasi bila ugomvi.

Kati ya nyota tano, moja naipunguza kwa sababu ya piramidi. Kituo kinaitwa Giza, lakini piramidi ziko kilomita 8 hivi kutoka hapo. Nje ya kituo utasikia makonda wa vibasi wakiita “Haram, Haram!”, yaani piramidi. Panda hivyo, au ita teksi ya programu ya simu, na wapite wale wanaokupokea kwa bei ya ngamia kabla hujavuka barabara. Laini ya 4, inayotarajiwa kufika huko, bado inajengwa.