Uzoefu wangu na Optuna: kutafuta mipangilio bora ya PostgreSQL bila kubahatisha

Nimeitumia Optuna, zana inayojaribu mipangilio mingi yenyewe na kutafuta iliyo bora, kurekebisha PostgreSQL, databesi inayobeba mfumo wa kuhifadhi nafasi za watalii hapa Arusha, kwenye seva ya ofisini yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Ni zana nzuri sana, tena ya bure, ila itakupa ulichoipimia, si ulichokitamani.

Ni maktaba ya Python iliyotoka Preferred Networks ya Japani mwaka 2018. Unaiandikia fanksheni moja inayopokea thamani, kuziweka kwenye PostgreSQL, kupima na kurudisha namba. Majaribio 10 ya mwanzo ni ya kubahatisha; baada ya hapo TPE, njia yake ya kawaida ya kuchagua thamani za kujaribu, huegemea palipoonyesha dalili njema. Majaribio 15 basi hayatoshi. Anza na 60.

Niliipa vitu vitatu: shared_buffers (RAM ambayo PostgreSQL hutunzia data inayosomwa mara kwa mara) MB 512 hadi GB 3, work_mem (RAM ya kupangia data wakati wa kujibu swali) MB 4 hadi 32, random_page_cost (makadirio ya gharama ya kusoma diski hapa na pale) 1.1 hadi 4. Shared_buffers haibadiliki mpaka PostgreSQL izimwe na kuwashwa upya. Ukisahau, unapima thamani ileile usiku kucha na kupata mshindi wa uongo. Work_mem nayo si ya seva nzima: miunganisho 60 ikichukua MB 128 kila mmoja ni GB 7.5, na Linux itaiua PostgreSQL. Jaribio likifa kwa kosa, utafutaji wote husimama, kwa hiyo taja kosa hilo kwenye catch, kigezo cha Optuna cha makosa ya kurukwa.

Kupima ndiko kuliko na kazi. Kipimo cha asili cha pgbench, programu ya kupima kasi ya PostgreSQL, kinaiga benki. Ipe skripti yako kwa -f, yenye maswali halisi kama nafasi zilizobaki Machame au Marangu, njia za kupanda Kilimanjaro, kwa tarehe fulani. Tumia nakala ya data, kamwe si data hai. Baada ya kuwasha upya, pasha moto dakika 1, pima mara tatu kwa dakika 2, chukua namba ya katikati. Dakika 7 mara 60 ni saa 7: ukianza saa 4 usiku, inamaliza saa 11 alfajiri.

Hifadhi utafutaji kwenye faili la SQLite na uweke load_if_exists=True, yaani fungua uliopo badala ya kuanza upya; umeme ukikatika, majaribio yaliyokamilika yanabaki na unaendelea kutoka hapo.

Fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika kweli kwenye diski, usiiweke kabisa kwenye orodha. Optuna ikiruhusiwa kuizima itaizima, kwa sababu uandishi unakuwa mwepesi na kipimo chako hakioni hasara yoyote. Hasara utaiona siku umeme unapokatika katikati ya malipo ya mgeni na databesi ikaharibika.