Sindano ya seli shina ya goti: swali moja tu limewashinda

Nilichouliza ni kitu kimoja: kichupa hiki cha seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kina seli hai ngapi? Mhudumu wa kliniki, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akiniapia kwamba gegedu la goti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, litaota upya, akanijibu, “Mama, hayo tuachie sisi wataalamu.” Kichupa kimetolewa kwenye friza ya kawaida. Kimeandikwa jina la bidhaa na neno “kitovu”, yaani zimetoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, basi. Idadi ya seli hakuna, namba ya toleo hakuna, tarehe ya kuisha muda hakuna. Seli zilizogandishwa zikiwa hai hutunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, chini ya nyuzi -150. Sasa hawa wanadunga nini?

Sipingi tiba yote. Daktari anayevuta uboho wa mgonjwa mwenyewe kwenye mfupa wa nyonga, akauzungusha kwenye mashine na kuudunga gotini siku hiyohiyo huku akitazama ultrasaundi, huyo nitamsikiliza. Ila naye aulizwe amevutaje. Mililita chache za mwanzo ndizo zenye seli nyingi; aking’ang’ania tundu moja, anajaza bomba damu tupu. Na hata akivuta vizuri, katika seli 10,000 za uboho ukipata seli shina moja umebahatika.

Tena nikikumbuka majaribio yenyewe, hata huyo namtilia shaka. Mwaka 2017 Marekani walichapisha jaribio la watu 25 wanaoumwa magoti yote mawili: goti moja lilidungwa uboho, la pili maji ya chumvi. Yote mawili yalipata nafuu, sawasawa! Mwaka 2023 likaja la watu zaidi ya 400. Seli za uboho, za mafuta na za kitovu zilishindanishwa na sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, na baada ya mwaka mzima hakuna iliyoishinda. Wanaosema wamepata nafuu hawadanganyi. Nafuu ipo, ila kusema imeletwa na seli ni jambo jingine.

Na asiniambie mtu kwamba isiposaidia haidhuru. Mwaka 2018, hukohuko Marekani, wagonjwa walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu. Bakteria wakiingia kwenye kiungo wanaweza kulila gegedu lililobaki kwa siku chache tu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuna aliyenipima nguvu ya misuli ya paja wala kuniuliza uzito, wakati mazoezi ya paja na kupunguza uzito ndiyo matibabu ya kwanza ya goti lililosagika. Walikimbilia sindano.

Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa usafi na mapokezi mazuri. Kisha nikaisoma fomu ya ridhaa. Ukutani wamebandika kwamba gegedu huota upya. Kwenye fomu, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba matokeo hayana uhakika. Nyota zote mbili nazifuta, na fomu sikuisaini.