Maiki ya kufundishia: hesabu mistari kwenye pini kabla hujatoa hela

Nilirekodi kipindi cha dakika 40 cha desimali, nimesimama mbele ya ubao, maiki nimeibana kwenye kola kama mtangazaji, nimemaliza nikajipongeza kabisa. Kuja kusikiliza sasa, sauti yangu inatokea mbali kama niko ndani ya kisima, halafu feni inasikika hapa hapa sikioni. Maiki haikuwa imefanya kazi hata sekunde moja. Simu ilikuwa inarekodi kwa maiki yake yenyewe, ile tundu ndogo ya chini, na wala haikunishtua. Dakika 40 zote nikarudia kesho yake, na nilikuwa na mafua.

Tangu nilalamike kuhusu hilo, walimu wenzangu watatu wameniandikia yamewakuta yale yale, kwa hiyo leo siongelei rangi wala sijui "ubora wa studio", hayo mtayasoma kwenye boksi. Mimi naongelea pini, ile ncha ya chuma unayochomeka kwenye simu.

Chukua hedifoni ya waya yenye maiki, ile ya kupigia simu yenye pini ya duara, uiangalie pini yake. Kuna vimistari vitatu vinavyoigawa vipande vinne, kwenye boksi wanaiandika TRRS. Maiki kibao za kola zimetengenezewa kamera, pini yake ina vimistari viwili tu, vipande vitatu, hiyo ni TRS. Ukiichomeka kwenye simu inaingia vizuri, inatulia, hakuna anayejua kuna shida. Ila kipande cha nne ndicho simu inachotegemea kuisikia maiki, sasa kwa vile hakipo simu inaona umechomeka hedifoni ya kusikilizia tu, basi inaendelea na tundu lake la chini. Na ndo ubaya wake, kwamba sauti inapatikana. Ingekuwa kimya ungegundua mapema.

Jinsi ya kupima: rekodi huku unakwangua kichwa cha maiki kwa ukucha. Ukisikia mkwaruzo mkubwa, maiki inafanya kazi. Usipime kwa kusema "moja mbili tatu", maana hata maiki ya simu inakusikia vizuri tu na itakudanganya.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Boya BY-M1, na sifichi, mimi ni wa Boya. Pini yake ni TRRS na kwenye waya kuna kiboksi chenye swichi, upande mmoja simu, upande mwingine kamera, yaani aliyeitengeneza alilijua tatizo langu kabla yangu. Waya una mita 6, unaandika ubaoni unarudi kwa wanafunzi na simu imetulia kwenye stendi. Upande wa simu haihitaji betri, upande wa kamera inatumia kibetri cha LR44, kile cha duara kama cha saa. Ukisahau swichi upande wa kamera betri inaisha, na mimi nishasahau mara mbili, bado naipenda. Ibane kifuani kama shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu. Mita 6 zote hizo zitakunasa miguu siku moja, hilo nakuahidi, zifunge zinazobaki.

Ya pili Samson Q2U, kwa anayefundisha onlaini akiwa amekaa. Hii inaingia kwenye laptopu kwa USB kwa hiyo habari ya vimistari inakufa hapo hapo. Ni maiki ya aina ya dainamiki, inashika sauti ya karibu na mwangwi wa chumba haiubebi sana, lakini lazima uisogelee, vidole vinne hivi kutoka mdomoni, ukiegemea kiti nyuma wanafunzi wanakupoteza. Ina tundu la hedifoni ujisikilize mwenyewe. Kwa mtu wa kutembea darasani haifai, usijisumbue.

Ya tatu ni zile zisizo na waya za Rode, Wireless GO na ndugu zake. Sauti safi, unazunguka darasa zima. Lakini ona sasa: ile Wireless GO ya kwanza ya mwaka 2019 waya uliomo kwenye boksi ni wa kamera, TRS kwa TRS, wa simu unanunua pembeni, unaitwa SC7. Pesa yote hiyo umetoa halafu unarudi tena dukani kufuata kiwaya! Na usichanganye adapta zao, SC4 inapeleka maiki ya kamera kwenye simu, SC3 inapeleka maiki ya simu kwenye kamera, ukizitazama kwa haraka zinafanana mno.

Hedifoni za Bluetooth mimi siziweki kwenye orodha. Ukiwasha maiki yake, nyingi zinahamia kwenye mfumo wa kupigia simu na sauti inabanwa, unasikika kama unaongea ndani ya chupa. Muziki unasikika mtamu, ndo maana watu hawaamini.

Za bei chee za kuchomeka moja kwa moja kwenye taipu-C: zipo, zingine zinafanya kazi. Zikwangue kwa ukucha hapo hapo dukani.

Na hapo dukani ndo penye shida. Aliyeniuzia ile maiki iliyoniangusha kwenye desimali nilimuuliza wazi kabisa, inaingia kwenye simu? Akajibu "inaingia, dada". Kweli iliingia! Sikuuliza kama itafanya kazi. Niliporudi akaniambia ikishafunguliwa hairudishwi, sasa mimi ningeijuaje bila kuifungua, halafu bila aibu akanitolea adapta kutoka kwenye droo, ipo, alikuwa nayo siku zote, na bei yake ilikaribia nusu ya maiki. Wanaouza mtandaoni ndo usiseme, picha sita za sponji kwa kila upande, pini wameificha nyuma ya kibegi, maelezo yanasema "simu zote". Mimi siku hizi naomba picha ya pini. Wawili walinijibu, mmoja akaniuliza pini gani.

Adapta sikununua. Ile maiki niliichomeka kwenye kamera yangu ya zamani, nikaikwangua kwa ukucha, ikanipasua masikio.